Mfupa umeunga, mgonjwa hajapona: jeraha la mwili linavyohamia akilini na kurudi mwilini

Magongo Mawili (mleta uzi)

Wanajukwaa, salamu kwenu.

Daktari aliipachika picha ya eksirei kwenye kioo chenye taa, akapitisha ncha ya kalamu mahali muundi wangu ulipovunjika, akasema, "Umeunga vizuri sana. Kuanzia leo magongo weka pembeni." Nilimshukuru kwa moyo wote. Kisha nikatoka na magongo yaleyale mkononi, nikafika kwenye ngazi za kuteremkia, nikaketi kwenye kidato cha kwanza kama mtoto mdogo na kuviteremka vyote kumi na viwili kwa makalio, huku watu wakipita pembeni yangu wakijifanya hawanioni. Nilipolitafakari jambo hilo jioni, kilichonishangaza ni kwamba mguu haukuwa unauma. Haukuuma hata kidogo. Mimi ndiye niliyekuwa siuamini.

Niliumia katika ajali ya gari lililogongwa ubavuni. Katika miezi mitano ya matibabu niliulizwa mara nyingi mno maumivu yangu ni mangapi kati ya sifuri na kumi, lakini hakuna aliyewahi kuniuliza nalala vipi. Laiti ningeulizwa, ningesema kwamba ninaamka saa tisa usiku nikiwa nimeng'ang'ania ukingo wa kitanda kwa sababu nimesikia matairi yakikwaruza lami, na kwamba mchana nikisikia breki za gari lolote, mguu huohuo uliovunjika hukakamaa wenyewe kabla sijajua nimeogopa nini. Siandiki haya kumlaumu mtu. Walionihudumia waliuokoa mguu wangu. Ninaandika kwa sababu nimegundua kwamba hofu na huzuni zinazofuata jeraha haziishii kichwani, bali huingia kwenye donda, kwenye misuli, kwenye usingizi na kwenye kinga ya mwili, na anayengoja mfupa uunge kwanza ndipo azishughulikie huwa amekwisha kuchelewa.

Nianze na hofu, maana ndiyo niliyoifahamu kwa karibu. Mwaka 2000 watafiti wawili, Johan Vlaeyen na Steven Linton, walichapisha maelezo ya mzunguko ambao wataalamu wa mazoezi tiba wanaukuta kila siku. Mtu anaumia, anapata maumivu, anayatafsiri maumivu yale kuwa ishara kwamba kitu kinazidi kuharibika ndani, anaogopa kusogea, anaacha kutumia kiungo, misuli inanywea, viungo vinakaza, na siku anapojaribu tena kusogea anaumia zaidi kuliko jana. Maumivu hayo mapya anayachukua kuwa ushahidi kwamba alikuwa na haki ya kuogopa. Mtaalamu wangu wa mazoezi alipoyapima mapaja yangu kwa utepe, la mguu mbovu lilikuwa limepungua sentimita nne. Paja halikuvunjika mahali popote! Mvunjiko ulikuwa chini ya goti. Sehemu ya zile sentimita nne iliondoka kwa sababu ya plasta, hilo nalikubali, lakini sehemu nyingine niliipoteza baada ya plasta kutolewa, kwa woga mtupu.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hulisikia na kudhani ni maneno ya kufariji wagonjwa, nalo ni kwamba msongo wa mawazo huchelewesha donda kufunga. Hili limepimwa kwa rula. Mwaka 1995 Janice Kiecolt-Glaser na wenzake huko Ohio, Marekani, waliwachukua wanawake 13 waliokuwa wakiwauguza jamaa zao wenye maradhi ya kupoteza kumbukumbu, na wengine 13 wa umri na kipato kinacholingana ambao hawakuwa na mzigo huo, wakawatoboa wote kijidonda cha milimita 3.5 mkononi. Vidonda vya wasio na mzigo vilifunga kwa wastani wa siku 39 hivi. Vya wale wauguzaji vilihitaji takribani siku 9 zaidi. Miaka 3 baadaye kundi hilohilo la watafiti liliwapima wanafunzi 11 wa udaktari wa meno kwa kuwatoboa kijidonda kwenye kaakaa, mara ya kwanza wakiwa likizoni na mara ya pili siku 3 kabla ya mtihani. Donda la wakati wa mtihani lilichukua muda mrefu zaidi kwa asilimia 40, na hakuna hata mmoja kati ya wale 11 aliyepona haraka kama alivyopona likizoni. Hawa walikuwa vijana wenye afya waliokuwa wakiogopa mtihani tu. Sasa mfikirie mtu aliyelala wodini akijiuliza kama atatembea tena.

Maelezo yake, kwa kadiri ninavyoyaelewa, ni kwamba akili ikiwa katika hali ya hatari mwili humwaga homoni ya kotisoli kwa wingi, na homoni hiyo hupunguza zile kemikali zinazoziita seli za kinga kuja kusafisha donda katika siku za mwanzo. Usafi ukichelewa, ujenzi nao unachelewa. Ongeza hapo kwamba mwenye msongo halali vizuri, hana hamu ya kula, na kama anavuta sigara basi huvuta zaidi, na sigara yenyewe inajulikana kuchelewesha mifupa kuunga.

Naomba kuwasilisha, na ningependa kusikia kutoka kwa waliougua, waliouguza na wanaohudumia.

Zamu ya Usiku

Mkuu Magongo Mawili, pole sana na asante kwa uzi huu. Mimi ni muuguzi, nimefanya kazi katika wodi ya mifupa kwa miaka mingi, na jina langu la humu linaeleza saa ninazozijua vizuri zaidi.

Umesema hakuna aliyekuuliza unalala vipi. Nitakueleza kwa nini, ingawa sababu yenyewe hainipi fahari. Katika wodi yenye wagonjwa wengi, mgonjwa anayepiga kelele ndiye anayehudumiwa, na mgonjwa aliyenyamaza, anayegeukia ukuta, anayesema "sijambo" kila akiulizwa na asiyeomba chochote, huyo tunamwandika kuwa ametulia. Nimejifunza kwa kuchelewa kwamba huyo aliyetulia ndiye wa kutazamwa. Nilikuwa na mgonjwa mmoja aliyevunjika nyonga ambaye hakuwahi kulalamika hata siku moja. Niligundua hali yake kwa sababu ya kitu kidogo: kila alfajiri nilikuta miwani yake ikiwa palepale nilipoiweka jioni ya siku mbili zilizopita, imekunjwa, haijaguswa. Alikuwa msomaji mkubwa wa magazeti kabla ya kuanguka. Hakutaka tena kuona kitu.

Sonona baada ya kuvunjika nyonga si jambo dogo kwa mtu mzima. Mwenye sonona hashiriki mazoezi, asiposhiriki mazoezi anabaki kitandani, akibaki kitandani mapafu yanapata maambukizi, damu inaganda miguuni, mgongo unapata vidonda vya kulalia. Akifa, cheti cha kifo kitaandikwa homa ya mapafu. Hakitaandikwa kwamba yote yalianza siku mtu alipoona hakuna haja ya kuinuka.

Wenzangu wa afya wanaosoma hapa wanalijua dodoso la PHQ-9, lenye maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, ambalo jumla yake hufika 27, na alama 10 au zaidi humaanisha mgonjwa anastahili kuchunguzwa kwa kina. Ni kifaa kizuri, ila kwa majeruhi kina mtego wake. Linauliza kuhusu usingizi, uchovu na hamu ya kula, na mtu mwenye vyuma mguuni anaweza kukosa vyote vitatu kwa sababu ya mguu peke yake. Kwa hiyo mimi huyasikiliza zaidi maswali mawili ya kwanza, la kukosa raha katika mambo aliyoyapenda na la kujiona hana tumaini, kwa maana hayo mvunjiko wa mfupa hauwezi kuyajibu. Na lile la tisa, kuhusu mawazo ya kujidhuru, halirukwi kamwe hata kama mgonjwa anatabasamu.

Msema Kweli

Mtanisamehe, lakini mimi naona mambo haya yanakuzwa. Watu wamekuwa wakivunjika tangu dunia iumbwe, wanafungwa, wanapona, wanarudi kazini. Leo kila maumivu yamepewa jina la akili. Hatari yake ni kwamba mgonjwa mwenye tatizo la kweli ataambiwa "ni mawazo yako tu" na kurudishwa nyumbani, na yule anayejidekeza atapata cheti cha kukaa nyumbani mwaka mzima.

Isitoshe, kuna utafiti unaojulikana sana uliowalinganisha walioshinda bahati nasibu na waliopooza kwa ajali, ukakuta kwamba baada ya muda wote wana furaha sawa. Binadamu anazoea. Kwa hiyo tusiwafanye majeruhi wajione wana magonjwa mawili wakati wana moja.

Magongo Mawili

Ndugu Msema Kweli, nashukuru kwa kusema wazi, kwa sababu mashaka yako yana umri mrefu kuliko sisi sote. Mwaka 1866 daktari wa upasuaji wa Uingereza, John Eric Erichsen, alichapisha mihadhara yake kuhusu watu waliopata ajali za treni, ambao wengi wao hawakuwa na mvunjiko unaoonekana lakini walikuwa hawalali, wanatetemeka, hawawezi kufanya kazi. Yeye alidhani uti wa mgongo umetikiswa. Wengine, hasa walioitetea mifuko ya kampuni za reli, walisema hao ni waongo wanaotafuta fidia. Mabishano hayo yaliendelea kwa zaidi ya miaka 100 kwa majina tofauti, yakapitia vita viwili vya dunia, na mwaka 1980 tu ndipo chama cha madaktari wa akili wa Marekani kilipouingiza ugonjwa wa msongo baada ya kiwewe katika mwongozo wake rasmi. Kwa hiyo neno "anajidekeza" lilikuwa na muda wa kutosha wa kujithibitisha, na halikuweza.

Kuhusu bahati nasibu, nadhani umeusikia utafiti ule kama wengi tulivyousikia, kwa kusimuliwa. Ni wa mwaka 1978, ulifanywa na Philip Brickman na wenzake, na ulikuwa na washindi 22, watu wa kawaida 22 wa kulinganishia, na majeruhi waliopooza 29. Ukiusoma wenyewe utakuta kwamba waliopooza walijipa alama za furaha za chini kuliko wale wa kawaida, na tofauti hiyo haikuwa ya kubahatisha. Kilichowashangaza watafiti ni kwamba hawakuwa chini kiasi ambacho watu wangetarajia, kwa maana walikuwa bado juu ya katikati ya kipimo. Kusema "hakuzama kabisa" na kusema "ana furaha sawa na wewe" ni kauli mbili tofauti.

Ila nakupa haki katika jambo moja, tena kubwa. Ile sentensi "ni mawazo yako tu" ni dhuluma, na inatumika. Maumivu yanayoongezwa na hofu ni maumivu halisi. Tangu mwaka 1965, Ronald Melzack na Patrick Wall walipoeleza kwamba kuna kitu mfano wa lango katika uti wa mgongo linaloweza kufunguliwa au kubanwa, hata kwa amri inayoshuka kutoka kwenye ubongo, imekuwa vigumu kumwambia mtu kwamba maumivu yake ni ya uongo kwa sababu tu picha haionyeshi kitu. Henry Beecher, daktari aliyewahudumia askari waliojeruhiwa katika Vita vya Pili vya Dunia, aliandika mwaka 1946 kwamba wengi wenye majeraha makubwa walisema hawahitaji dawa ya maumivu. Jeraha lilelile kwa askari lilikuwa na maana ya kuondoka vitani akiwa hai, na kwa mfanyakazi aliyeangukiwa na mzigo lina maana ya kupoteza riziki. Naona hapo ndipo tofauti kubwa ilipo: mtu huumwa pamoja na maana ya jeraha lake.

Na ni kweli pia kwamba wengi hupona bila mtaalamu yeyote wa akili. Ndoto mbaya za wiki za mwanzo, kushtuka, kulia bila sababu, hayo kwa watu wengi hufifia yenyewe. Mwongozo wa kitabibu wenyewe hauruhusu kuuita ugonjwa wa msongo baada ya kiwewe kabla mwezi mmoja haujapita. Ninaowazungumzia ni wale ambao mwezi unapita, wa pili unapita, na bado wanazunguka njia ndefu kukwepa barabara walipogongwa.

Msema Kweli

Kuhusu ule utafiti nimekubali, niliusikia tu. La cheti cha mwaka mzima bado nalishikilia.

Dada wa Mgonjwa

Nimesoma uzi wote nikiwa nimekaa nje ya chumba cha kaka yangu. Alianguka kutoka juu ya jukwaa la ujenzi miezi minne iliyopita, akavunjika mkono na kugonga kichwa, akapoteza fahamu kwa saa kadhaa. Mkono umepona. Yeye siye. Alikuwa mtu wa utani na subira, sasa anafoka kwa sababu ya mlango kufungwa kwa nguvu, halafu dakika kumi baadaye amesahau kwamba alifoka na anatushangaa kwa nini tumenyamaza. Anachoka kabla ya mchana. Mke wake ananiambia anaishi na mgeni. Je, hii ndiyo hofu mnayoizungumzia, na je, tumpeleke kwa mnasihi?

Tabibu Mstaafu

Dada, pole kwa wewe na kwa mke wa kaka yako, maana katika ajali za namna hii wauguzaji huumia kimyakimya. Swali lako linastahili jibu la uangalifu, kwa sababu hapa watu wengi huchanganya mambo mawili.

Kuna athari za kisaikolojia za kuumia, yaani namna akili nzima inavyoitikia mwili uliojeruhiwa, na kuna jeraha la ubongo wenyewe. Ubongo ukitikiswa, hasa sehemu ya mbele, mtu anaweza kupoteza breki za hasira, subira, mpangilio na kumbukumbu ya karibuni, bila yeye kuogopa kitu chochote. Kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha Phineas Gage, msimamizi wa kazi ya reli huko Vermont, Marekani, ambaye tarehe 13 Septemba 1848 alipitiwa na mtaimbo wa chuma wenye urefu wa zaidi ya mita 1 na uzito wa kilo 6 hivi, ulioingilia chini ya shavu la kushoto na kutokea utosini. Aliishi. Daktari wake aliandika kwamba tabia ilibadilika hadi rafiki zake wakasema huyu si Gage tena, maneno ambayo hayako mbali na ya mke wa kaka yako. Wasimuliaji wengi huishia hapo, na huwa inaniudhi kidogo, kwa sababu Gage aliishi miaka 11 na zaidi baada ya ajali, na kwa miaka kadhaa kati ya hiyo aliendesha magari ya farasi ya abiria huko Chile, kazi inayodai ratiba, uangalifu na adabu kwa abiria. Inaelekea maisha yenye utaratibu uleule kila siku yalimsaidia kurudi.

Kwa hiyo kabla ya mnasihi, kaka yako aonwe na daktari wa mishipa ya fahamu, naye aambiwe habari hizi za hasira na kusahau, kwa kuwa mgonjwa mwenyewe hatazisema: hazikumbuki. Na kama ataanza kuumwa kichwa kunakozidi siku hadi siku, kutapika, kusinzia isivyo kawaida, kudhoofika upande mmoja au kupata degedege, msingoje miadi. Damu inaweza kuvuja taratibu chini ya fuvu na kuonyesha dalili wiki kadhaa baada ya kuanguka. Hayo yakishaangaliwa, ndipo unasihi utakuwa na kazi, kwa sababu mtu anayegundua kwamba amebadilika naye huhuzunika.

Jirani Mwema

Naomba kuuliza jambo moja. Mtaani kwetu mtu akipata ajali tunamzunguka siku ileile na kumtaka asimulie yote, tangu mwanzo hadi mwisho, ili ayatoe moyoni. Je, tunamsaidia?

Tabibu Mstaafu

Ndugu, hata sisi tuliosomea tuliwahi kuamini hivyo. Ilikuwa kawaida kumketisha majeruhi siku chache baada ya tukio na kumpitisha katika kila alichokiona na kukihisi, mara moja, kikao kimoja, basi. Mwaka 1997 Jonathan Bisson na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio lililowahusu watu 133 waliolazwa kwa majeraha ya moto, baadhi wakipewa kikao hicho na wengine wasipewe. Baada ya miezi 13, asilimia 26 ya waliopewa walikuwa na msongo baada ya kiwewe, dhidi ya asilimia 9 ya wasiopewa. Niwe mkweli kwamba waliopewa kikao walikuwa wameungua vibaya zaidi kidogo tangu mwanzo, hivyo tofauti yote isibebeshwe kikao. Hata hivyo majaribio mengine nayo hayakuonyesha faida, na leo kikao cha namna hiyo hakipendekezwi.

Wanachohitaji katika siku za mwanzo ni vitu vya kawaida kabisa: maumivu yadhibitiwe ipasavyo, waelezwe kinachoendelea mwilini mwao kwa lugha wanayoielewa, wawe na mtu wao karibu, walale. Akitaka kusimulia, asikilizwe. Asipotaka, asichokonolewe. Tatizo likiendelea baada ya mwezi mmoja, hapo kuna tiba iliyopimwa na kuonekana kufaa, ambayo humsaidia mgonjwa kuzikabili kumbukumbu na mahali anapopakwepa kwa hatua ndogondogo, akiwa na mtaalamu, katika vikao kadhaa. Mnaona jinsi inavyofanana na mazoezi ya mguu.

Zamu ya Usiku

Daktari ametaja kudhibiti maumivu, nami naongeza neno. Tukimwachia mgonjwa maumivu makali usiku kucha kwa kuogopa kwamba atazoea dawa, tunaupa ubongo nafasi ya kujifunza hofu. Kwa upande mwingine, dawa kali za jamii ya afyuni zikiendelea kwa miezi zinaweza kuufanya mwili uwe mwepesi zaidi wa kuhisi maumivu, na nimewaona waliozitumia kuzima ndoto na si mguu. Pombe hufanya kazi hiyohiyo kwa bei ya usingizi.

Na kuhusu mambo madogo ya wodini, kuna utafiti ninaoupenda. Roger Ulrich alichapisha mwaka 1984 ulinganisho wa wagonjwa 46 waliotolewa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, 23 wakiwa na dirisha linalotazama miti na 23 wakitazama ukuta wa matofali. Waliotazama miti waliruhusiwa kwenda nyumbani mapema kidogo na walihitaji dawa kali za maumivu kwa uchache zaidi. Hawakuwa majeruhi wa ajali, najua, lakini tangu nilipousoma nimekuwa nikivigeuza vitanda. Yule wa miwani nilimgeuza pia. Kwa siku kadhaa hakuna kilichotokea. Kisha alfajiri moja nikaikuta miwani imefunguliwa, iko juu ya shuka, na kioo kimoja kina alama ya kidole.

Magongo Mawili

Nimepaswa kueleza mimi mwenyewe nilivyofanya, maana nimeulizwa faraghani na watu wawili. Mtaalamu wangu wa mazoezi, baada ya kunisikia kuhusu zile ngazi, aliacha kabisa kuniambia "usiogope". Alinipa karatasi, akaniambia niandike mambo kumi ninayoyakwepa, tangu linalonitisha kidogo hadi linalonitisha kuliko yote. La kwanza lilikuwa kusimama kwa mguu mbovu peke yake nikiwa nimeshika meza. La kumi lilikuwa kukaa kiti cha mbele cha gari linalotembea. Kabla ya kila jambo niliandika ninachotabiri kitatokea, kwa mfano "mfupa utakatika palepale", na baada yake nikaandika kilichotokea. Ukurasa wa kwanza unachekesha ukiusoma sasa, ingawa nilipouandika mkono ulikuwa ukitetemeka. Sikulazimishwa kusonga mbele hadi jambo lililotangulia linichoshe kwa kulirudia.

Nimefika la nane. La tisa ni kuvuka ile barabara.

Dada wa Mgonjwa

Asanteni nyote, na hasa wewe daktari. Tumepata miadi ya daktari wa mishipa ya fahamu wiki ijayo, na mke wake amekubali kuja nasi ili aseme yeye, si kaka. Tumenunua daftari tunaandika kila siku anapofoka na kilichotangulia. Jana tu tumeona kwamba mara nne kati ya tano ilikuwa jioni, siku alizokosa kulala mchana. Je, tuandike na siku alizokuwa mtulivu?

Tabibu Mstaafu

Ziandikeni, dada, tena pamoja na saa alizolala na aliyekuwa naye. Daktari atataka kuziona hizo kwanza.